Ufito wa Kuvulia Katika Magugu: Chombo cha Muda, si cha Nguvu

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya haki inapomkaripia mvivu anayelaumu mpini badala ya kulima. Lakini inapoingia darasani bila kuchunguzwa huleta madhara, kwani humfanya kijana aamini kwamba zana zote ni sawa, na kwamba mtu anayefikiri kabla ya kuishika zana anapoteza wakati wake. Elimu ya sayansi yafundisha kinyume. Kila zana imetengenezwa ili kujibu swali fulani, na asiyelijua swali hawezi kutambua kama jibu linafaa.

Mfano mzuri wa jambo hili ni ufito wa kuvulia samaki mahali penye magugu mazito. Wavuvi wengi wa burudani, na wauzaji wa vifaa vyao, hutoa ushauri mmoja: katika magugu nunua ufito mrefu na mgumu, kwa kuwa magugu yanataka nguvu. Ushauri huo u karibu na ukweli, ila sababu inayotolewa si sahihi. Na mtu anayefuata ushauri mwema kwa sababu isiyo sahihi hupotea mara tu hali inapobadilika kidogo. Ukweli ni kwamba ufito wa magugu hauchaguliwi kwa ajili ya nguvu. Huchaguliwa kwa ajili ya muda. Kazi yake kubwa humalizika katika sekunde moja au mbili za kwanza baada ya samaki kukamata chambo.

Mbinu zinazohusika zilikuzwa Marekani, na samaki anayetafutwa ni besi wa mdomo mpana, ambaye wataalamu kwa muda mrefu wamemwita Micropterus salmoides. Samaki huyu si mkimbizaji wa masafa marefu. Hujibanza kivulini, chini ya majani yaliyotanda juu ya maji au kati ya mashina ya matete, akangoja windo lipite karibu. Kumfuata huko kwa kurusha ndoana kutoka mbali ni kazi bure, kwani ndoana hunasa majani kabla ya kumfikia. Ndipo wavuvi walipobuni njia mbili za karibu. Katika njia ya kwanza, iitwayo flipingi, mvuvi hushika sehemu ya mshipi kwa mkono wake usio na ufito, akakiacha chambo kibembee kama pendulamu ya saa ya ukutani, kisha akauachia mshipi ili chambo kitue kimya ndani ya tundu dogo la majani, mita chache tu kutoka mashuani. Katika njia ya pili, iitwayo pichingi, mvuvi hukishika chambo chenyewe mkononi, hufungua gurudumu la mshipi, na kukirusha chini chini, karibu na uso wa maji, ili kifike mbali kidogo zaidi bila kishindo.

Historia ya ufito wa kazi hiyo ina funzo lake. Wavuvi wa California walikuwa na desturi ya kutumia fito za futi 12 hivi, yaani zaidi ya mita tatu na nusu, kudumbukiza chambo kati ya matete. Mwaka 1975 Dee Thomas, mmoja wa wavuvi hao, alishinda shindano katika ziwa la Bull Shoals, Arkansas, na mbinu za karibu zikapata sifa nchini kote. Lakini fito ndefu zilizua malalamiko, na kikomo cha futi 8, karibu mita 2.44, kikawekwa katika mashindano. Ufito uliotengenezwa mahsusi kwa flipingi ukawa wa futi saba na nusu, yaani mita 2.29, na hadi leo urefu huo ni wa kawaida madukani. Yafaa mwanafunzi alitafakari jambo hili. Tarakimu aionayo dukani haikutoka katika fizikia peke yake. Ilitoka pia katika kanuni za mchezo. Ni mapatano kati ya kile ambacho maji yalidai na kile ambacho watu waliruhusu.

Habari hizi haziishii Marekani. Besi aliletwa katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, mwaka 1929. Ziwa hilo lina kingo za mafunjo, na baadaye lilivamiwa na mimea miwili inayoelea ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini: Salvinia molesta, iliyoonekana huko katika miaka ya 1960, na magugu maji, yaliyoonekana mwaka 1988. Hivyo samaki wa Amerika ya Kaskazini alipata kujificha, katika ardhi ya Afrika, chini ya majani ya Amerika ya Kusini. Swali la ufito wa magugu basi linaihusu pia Afrika ya Mashariki, wala si hadithi ya ng'ambo tu.

Hebu liangaliwe tukio lenyewe. Besi amekivuta chambo. Mara nyingi ana uzito wa kilo moja au mbili tu, na kwa nguvu peke yake hawezi kumshinda mtu mzima. Lakini hahitaji kumshinda. Anachohitaji ni kugeuka na kulizunguka shina moja la tete. Mabaharia wanaofunga kamba ya jahazi kwenye nguzo ya gati wanaifahamu siri hiyo: mizunguko michache humwezesha mtu mmoja kukizuia chombo kizima, kwa sababu msuguano huongezeka kwa kuzidishwa kila mzunguko unapoongezwa. Ikiwa kiwango cha msuguano kati ya mshipi na shina ni 0.3, mzunguko mmoja kamili humlazimu mvuvi avute kwa kani ambayo ni zaidi ya mara sita na nusu ya ile ambayo ingetosha bila mzunguko huo. Mizunguko miwili humlazimu avute kwa kani ya zaidi ya mara arobaini. Hapo hakuna ufito utakaofaa, uwe mgumu namna gani. Vita vimekwisha kabla mvuvi hajaanza kuvuta.

Kuna hila ya pili ya magugu, nayo yaelezwa na kanuni ya Archimedes. Majani ya majini sehemu yake kubwa ni maji, na kwa hiyo yakiwa ndani ya maji huonekana kana kwamba hayana uzito. Mvuvi akivuta taratibu, samaki hukusanya mzigo wa majani kichwani, na mzigo huo hauhisiwi sana mpaka utakapofika juu. Unapotoka majini, uzito wake wote hudhihirika kwa ghafla. Samaki wa kilo mbili aliyevikwa kilo tatu za majani huwa mzigo wa kilo tano, na kani inayohitajika kuuinua ni karibu Newton 50. Mvuvi aliyepima ufito wake kwa kumfikiria samaki tu amepima sehemu ndogo ya kazi.

Mtu atasema: basi ushauri wa zamani ni sahihi, nguvu ndiyo inayotakiwa. La hasha. Ufito mrefu haumwongezei mvuvi nguvu, humpunguzia. Ufito ni wenzo wa daraja la tatu. Egemeo ni kitako cha mpini kilichobanwa chini ya kiwiko, jitihada ni mkono unaoinua mbele yake, na mzigo uko mbali kabisa kwenye ncha. Chukulia kwamba mkono uko sentimita 35 kutoka kwenye egemeo, kwamba ufito haujapinda, na kwamba mshipi unavuta kwa Newton 30 kwa pembe mraba. Kwa ufito wa mita 2.1, momenti ya mzigo ni 63, na mkono hulazimika kutoa Newton 180. Kwa ufito wa mita 2.4, momenti ni 72, na mkono hutoa karibu Newton 206. Kila sentimita inayoongezwa mbele hutozwa kwenye misuli ya mvuvi. Anayenunua ufito mrefu akidhani ananunua nguvu amenunua uchovu.

Kwa nini, basi, fito ndefu zinafaa? Kwa sababu zinanunua muda. Ncha ya ufito wa mita 2.1 ikiinuliwa kutoka usawa wa maji hadi wima husafiri katika robo ya duara yenye urefu wa mita 3.3. Ncha ya ufito wa mita 2.4, kwa mwendo ule ule wa mikono, husafiri karibu mita 3.8. Tofauti hiyo ya takriban nusu mita ni mshipi uliolegea ambao umekwisha kukusanywa kabla gurudumu halijazungushwa hata mara moja. Nusu mita hiyo yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya samaki aliyegeuzwa kichwa kuelekea juu na samaki aliyekwisha kulizunguka shina. Aidha, ncha iliyo mbali na juu humwinua samaki kwa mwelekeo ulio karibu na wima, na kumtoa kupitia tundu lile lile aliloingilia chambo, badala ya kumburura kupitia majani yote yaliyo kati yake na mashua.

Ugumu wa ufito nao waeleweka kwa njia hiyo hiyo. Ufito laini hautumii sehemu ya kwanza ya mwendo wa mikono kumvuta samaki. Huitumia kujipinda wenyewe. Wakati huo samaki yu huru. Ufito mgumu hupeleka mwendo wa mkono hadi kwenye ndoana mara moja. Hapa ndipo mwanafunzi wa hesabu atakapoona kwa nini urefu na ugumu haviwezi kuchaguliwa mbali mbali. Kwa ufito wenye unene ulio sawa kote, kiasi cha kupinda kwa mzigo mmoja huongezeka kwa mchemraba wa urefu. Ukiurefusha ufito kutoka mita 2.1 hadi 2.4 bila kubadili kitu kingine, utapinda karibu mara moja na nusu zaidi. Kwa upande mwingine, ugumu wa ufito usio na uwazi ndani huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, hata nyongeza ya asilimia 10 tu katika unene huongeza ugumu kwa asilimia 46. Fito za dukani zina uwazi ndani na huchongoka kuelekea nchani, na kwa hiyo hesabu zake ni ngumu zaidi, lakini mwelekeo ni huo huo. Ndiyo maana nyuzi za kaboni zilipokelewa kwa furaha: ni nyepesi kuliko nyuzi za kioo, na ugumu wake ni zaidi ya mara tatu. Ufito mrefu wa kaboni waweza kuwa mgumu bila kuwa mzito mkononi, na ufito mwepesi huinuliwa upesi.

Walakini, kila jambo lina kikomo, na hapa ndipo ushauri wa "mgumu kuliko yote" unapoleta hasara. Zamani mshipi wa nailoni ulinyumbuka, na kunyumbuka huko kulipunguza makali ya mvuto wa ghafla. Tangu miaka ya 1990 wavuvi wengi wa magugu wametumia mshipi wa kusukwa wa polithilini, ambao haunyumbuki ila kidogo sana, na ambao mara nyingi huandikwa kwamba wastahimili ratili 65, yaani karibu kilo 30. Ufito usiopinda, ukiunganishwa na mshipi usionyumbuka, hufanya mvuto mzima uishie mahali pamoja: ncha ya ndoana ndani ya mdomo wa samaki. Ndoana nyembamba hunyooka. Ndoana nene huenda ikapasua nyama na kutoka. Yafaa, kwa hiyo, sehemu ya ncha iwe na ulaini kiasi, wa kukibembeza chambo kwa shabaha na kumeza mshtuko wa kwanza, na theluthi mbili zilizobaki ziwe ngumu. Ufito, mshipi, fundo na ndoana ni mnyororo mmoja, na kuikaza pete moja hakufai kitu ikiwa pete ya jirani yake haikufikiriwa.

Kutokana na hayo, uchaguzi wenyewe huwa si mgumu. Mahali penye matete yaliyoachana, ambapo chambo huhitaji shabaha kuliko kishindo, ufito wa mita 2.1 hadi 2.2, mgumu kiasi, watosha. Mahali ambapo majani yamefungamana kama mkeka, na chubwi la gramu 28 hadi 42 linahitajika kulitoboa tabaka la juu, ufito wa mita 2.3 hadi 2.4 ulio mgumu zaidi una haki yake. Hata chubwi lenyewe lina somo la msongamano: tungsteni ina gramu 19.3 kwa kila sentimita mchemraba, na risasi gramu 11.3, kwa hiyo chubwi la tungsteni lenye uzito ule ule ni dogo zaidi na hupenya kwa urahisi zaidi. Lazima mpini uwe mrefu wa kutosha kufika chini ya kiwiko, la sivyo wenzo hukosa egemeo. Tena kimo cha mvuvi kizingatiwe, kwa kuwa kijana mfupi aliyeketi mashuani na ufito wa mita 2.4 atapiga maji kwa ncha kila anapokibembeza chambo.

Maandishi yaliyobandikwa kwenye fito, yanayosema kwamba huu ni mzito na ule ni mzito zaidi, yasitegemewe peke yake. Watengenezaji hawana kipimo kimoja kinachowafunga wote, na ufito unaoitwa mzito na mmoja waweza kuwa wa wastani kwa mwingine. Mnunuzi mwenye busara atauomba ufito, ataufunga chupa ya nusu lita ya maji kwenye mshipi, na atatazama unapindia wapi: nchani tu, katikati, au hadi mpinini. Jaribio hilo dogo husema mengi kuliko rangi na bei.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa kwa heshima. Wavuvi wa pwani ya Afrika ya Mashariki kwa vizazi vingi wamevua kwa mshipi wa mkono, bila ufito wowote, na wametoa samaki wakubwa kuliko besi yeyote. Je, hiyo si dalili kwamba ufito ni pambo? Hapana, ni dalili kwamba swali lao ni tofauti. Mvuvi wa mshipi aliye ndani ya ngalawa yuko juu ya samaki wake, mshipi unashuka wima, na mkono unavuta moja kwa moja bila hasara ya wenzo. Kumtundikia ufito mrefu ni kumwondolea nguvu na kumpa kitu asichokihitaji. Mvuvi wa magugu hawezi kukaa juu ya samaki bila kumtisha. Ni lazima afike kwa mbali kidogo na ainue kwa wima. Wote wawili wamechagua vyema, kwa sababu kila mmoja amelijua swali lake.

Haya yote yanawahusu walimu wa sekondari kwa karibu zaidi kuliko yanavyowahusu wavuvi. Ni jambo la kusikitisha kwamba madaraja matatu ya nyenzo hukaririwa kwa mifano ile ile ya toroli, mkasi na koleo, hata mwanafunzi hufaulu mtihani bila kujiuliza kwa nini mtu mwenye akili atumie wenzo unaompunguzia nguvu. Wenzo wa daraja la tatu huonekana kama kosa la maumbile mpaka itambulike kwamba kinachopotea katika kani hulipwa katika mwendo. Mianzi miwili ya urefu tofauti, uzi, rula na mizani ya springi vyatosha kulionyesha hilo. Uzi huo huo ukizungushwa kwenye penseli mara moja, kisha mara mbili, utawaonyesha wanafunzi namna shina la tete linavyomwokoa samaki. Vifaa hivyo havihitaji maabara kubwa wala fedha za kigeni. Na zoezi lifanyike uwanjani, si ukingoni mwa ziwa lenye viboko.

Wala hasara ya kuchagua bila kufikiri haimwangukii mnunuzi peke yake. Mshipi unaokatika ndani ya magugu haupotei. Samaki huondoka na ndoana mdomoni, na mshipi wa polithilini, usiooza upesi, hubaki kati ya mashina ukingoja mguu wa ndege. Ziwa Naivasha, ambalo tangu mwaka 1995 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, lina ndege wengi wa majini wanaotembea katika majani hayo hayo. Kila mshipi uliokatika kwa sababu ufito ulikuwa laini mno, au ndoana nyembamba mno, ni deni ambalo mvuvi ameliacha lilipwe na kiumbe mwingine.

Kwa hiyo mwalimu asimzuie kijana anayesimama mbele ya zana na kuuliza maswali. Amzuie yule anayeichukua haraka kwa kuwa ni ya bei kubwa, au kwa kuwa jirani anayo. Amwulize: mzigo uko wapi, egemeo liko wapi, na ni kitu gani unachokinunua kwa kani unayoipoteza? Akipata jibu, na amwache akavue.